"Tuma laki tano au nairusha": maswali yenu kuhusu vitisho vya mtandaoni

Safari hii barua nyingi za wasomaji wa Dodoma na mikoa ya jirani zimegusa jambo moja, kwa hiyo tumeyaweka mengine pembeni. Barua tumezifupisha na majina tumeyaondoa. Penye sheria tumetaja na kifungu chake, ili ukifika kituoni usiende kuomba huruma.

Salaam kwenu. Mimi ni baba wa watoto wawili, nauza nafaka hapa mjini. Mwanamke nisiyemjua aliniomba urafiki Facebook, tukahamia WhatsApp, usiku akapiga simu ya video akiwa hana nguo na mimi nikajisahau. Dakika chache baadaye nikaletewa video yenye sura yangu, pamoja na orodha ya marafiki zangu wakiwemo shemeji zangu na mzee wa kanisa. Nilituma 150,000, akasema ameshafuta. Jana karudi, anataka 500,000 kabla ya saa 12 jioni. Nafikiria kuuza magunia niliyoweka akiba nimalizane naye. Mnasemaje? (Msomaji, Dodoma mjini)

Pole sana kaka. Usiuze hata gunia moja.

Hizo 150,000 hazikununua kufutwa kwa video. Zilimwonyesha kwamba wewe unalipa. Video ikishakuwa kwenye simu yake anaweza kuinakili mara ngapi sijui, na huna njia ya kuhakikisha amefuta. Hiyo "kabla ya saa 12 jioni" imewekwa makusudi usipate muda wa kukaa na kufikiri wala kumwambia mtu. Kazi hii wanaifanya kwa watu wengi kwa wakati mmoja, maneno ni yaleyale, na aliyelipa mara moja ndiye anayerudiwa. Hatuwezi kukuahidi kwamba hatairusha, maana wapo wanaorusha. Lakini akishairusha amepoteza kitu pekee kinachokufanya umwogope, na hilo analijua.

Fanya mambo haya leo, na mpangilio wake ni muhimu kuliko haraka. Kwanza hifadhi ushahidi, na mpaka hapo usimbloku wala usiripoti akaunti yake. Watu wengi wanaharibu kesi zao hapa: kwa hasira wanafuta mazungumzo yote, au wanairipoti akaunti Facebook, inaondolewa, na kiungo cha kumfuatilia kinapotea nayo.

Fungua mazungumzo ya WhatsApp uguse jina lake juu, utokee ukurasa unaoonyesha namba yenyewe pamoja na msimbo wa nchi. Piga skrinshoti ya ukurasa huo. Kama ulimhifadhi kwa jina, skrinshoti za mazungumzo peke yake zitaonyesha jina uliloliandika wewe, na jina hilo halimthibitishii mtu yeyote chochote. Kisha azima simu ya pili, urekodi video ya kioo cha simu yako ukishuka taratibu kutoka ujumbe wa kwanza hadi wa mwisho bila kukatiza, tarehe na saa zionekane. Halafu tumia sehemu ya kuhamisha mazungumzo iliyo ndani ya WhatsApp, uyatume kwenye barua pepe yako mwenyewe. Kama ujumbe wenu umewekwa kujifuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, kuzima mpangilio huo kunaokoa ujumbe utakaokuja tu. Ule wa zamani utaendelea kujifuta, kwa hiyo uurekodi kwanza. Kwenye Facebook nakili kiungo cha akaunti yake, maana jina na picha anabadilisha muda wowote akitaka.

Ujumbe wa muamala wa zile 150,000 usiufute. Una namba ya kumbukumbu, saa, kiasi na jina la aliyepokea. Jina hilo linaweza kuwa la mtu ambaye laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chake bila yeye kujua, ila mpelelezi anaanzia hapo. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, kwa kawaida ni 100, ueleze kwamba fedha hiyo ilitolewa kwa vitisho na uombe muamala uzuiwe. Mara nyingi inakuwa imeshatolewa kwa wakala, lakini taarifa yako inabaki kwenye kumbukumbu zao. Kama anatumia laini ya Tanzania, ujumbe wa vitisho uutume pia kwenda 15040, namba ya kuripoti laini za kitapeli, kisha fuata maelekezo ya kutaja namba iliyokutumia.

Simu yenyewe itunze. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama iangalie ujumbe wa kielektroniki ulitengenezwa, ukatunzwa na kutumwa kwa njia gani, na kama haukuguswa. Skrinshoti zilizokatwakatwa, zikachorwa duara jekundu na kuzungushwa kwenye magrupu, wakili wa upande wa pili atazishambulia bila shida. Skrinshoti zinasaidia kumwelewesha askari, lakini simu yenye mazungumzo halisi ina uzito zaidi.

Ukishamaliza hayo, acha kumjibu. Facebook weka orodha ya marafiki ionekane na wewe peke yako, na ujumbe kutoka kwa usiowajua uuzuie. Nenda polisi. Kama huwezi kufika leo, mbloku sasa, kwa sababu ushahidi unao tayari. Ukifika mapema, msikilize mpelelezi kwanza, huenda akataka mawasiliano yaendelee kidogo.

Kuna watu wawili watakaokufuata baada ya hapo. Mmoja atajiita afisa wa makosa ya mtandao, atasema mwanamke yule amekushtaki na ulipe faini kwa namba yake. Huyo ni yuleyule kwa sauti nyingine. Malipo ya Serikali yanapitia namba ya kumbukumbu ya malipo, hayaendi kwenye laini ya mtu binafsi. Wa pili atajinadi kwamba ni fundi wa kuingia kwenye simu ya tapeli na kufuta video kwa 80,000. Hakuna atakachofuta.

La mwisho, na tunalisema tukijua uzito wake: mwambie mkeo wewe mwenyewe, leo, kabla hajaambiwa na mwingine. Mzee wa kanisa naye unaweza kumpigia. Akishajua kutoka kwako, tishio la kumtumia video linapungua nguvu sana.

Shikamooni. Nina miaka 24, naishi Nkuhungu. Niliachana na mchumba wangu na ana picha zangu za utupu ambazo nilimtumia mwenyewe. Hadai hela, anataka nirudi kwake. Kila nikikaa kimya ananitumia picha moja kwa ile njia ya kutazama mara moja, kunikumbusha kwamba anazo. Rafiki yangu ananiambia nikienda polisi nitakamatwa mimi kwa kutuma picha za utupu. Je, ni kweli?

Marahaba. Tuanze na hizo picha za kutazama mara moja, kwa sababu zinapotea. Usiifungue inayofuata mpaka uwe na simu ya pili mkononi. WhatsApp inazuia skrinshoti kwenye picha za namna hiyo, na ukishaifungua na kuifunga imeondoka. Ujumbe huo unakaa siku 14 bila kufunguliwa, kwa hiyo una muda wa kujipanga. Simu ya pili irekodi tangu ukiwa kwenye orodha ya mazungumzo, jina na namba vionekane, mpaka picha inapofunguka.

Kuhusu sheria, asikudanganye mtu kwamba bila kudaiwa hela hakuna kosa. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. "Rudi kwangu, la sivyo" ni kulazimisha. Akizisambaza, anaingia kifungu cha 14 cha sheria hiyohiyo, kinachohusu kuchapisha ponografia kwa mfumo wa kompyuta, na simu imo. Hapo adhabu inaanzia faini ya milioni 20 au miaka 7. Kama angekuwa anadai fedha, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, nayo ina makosa ya kudai mali kwa vitisho.

Sasa hofu ya rafiki yako. Hajaitoa hewani. Kifungu cha 14 kinazungumzia kuchapisha kwa upana, na hakina sentensi inayomtaja na kumkinga mtu aliyemtumia mpenzi wake picha yake mwenyewe. Wanawake wengi wanakaa kimya kwa sababu hiyo, na kwa maoni yetu hilo ni pengo linalotakiwa kuzibwa. Mpaka lizibwe, usiende peke yako. Nenda na wakili au msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya asiye na uwezo wa kumlipa wakili. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya jiji, watakuelekeza kwa watoa huduma waliosajiliwa.

Kituoni omba Dawati la Jinsia na Watoto, na una haki ya kuomba kusikilizwa na askari wa kike faraghani. Unacholalamikia ni vitisho. Maelezo yako yaanzie hapo: alisema nini, tarehe gani, kwa namba ipi, na ulijisikiaje. Picha zenyewe huhitaji kuzipitisha kwa kila aliyeko mapokezi. Mwonyeshe mpelelezi wako tu. Akimaliza kuandika, yasome maelezo yote kabla hujatia sahihi. Kama ameandika "alikubali picha zisambazwe" ilhali ulisema ulimtumia yeye peke yake, mwambie arekebishe. Hiyo ni tofauti kubwa.

Kabla ya kwenda, mwandikie ujumbe mmoja, kwa lugha safi: "Picha zangu sijaruhusu zitumwe kwa mtu yeyote. Usiwasiliane nami tena." Basi. Ujumbe huo unaonyesha kwamba hukuridhia, na kwamba alipoendelea alikuwa anajua. Usimtukane wala usimtishie kwa kaka zako, maana kifungu cha 23 hakichagui nani alianza.

Usizifute picha za awali kama unazo. Kuna huduma ya bure iitwayo StopNCII.org, ya watu wenye miaka 18 na kuendelea, inayoendeshwa kutoka Uingereza. Unaichagulia picha ndani ya simu yako, inatengeneza alama ya kidijitali ya picha hiyo, na alama peke yake ndiyo inayotumwa. Picha haitoki. Facebook, Instagram, TikTok na kampuni nyingine zilizojiunga zinaitumia alama hiyo kuizuia picha ikipandishwa kwao. Alama inatokana na picha yenyewe ilivyo, ndiyo maana tunasema usiifute. Mpaka wake ujulikane mapema: haifiki ndani ya mazungumzo ya WhatsApp, wala haitayagusa magrupu ya konekshini ya Telegram, yale yanayosambaza picha na video za utupu za watu. Huko njia ni kuripoti kundi, na kumpa mpelelezi jina na kiungo chake kabla halijabadilishwa.

Baadaye, kesi ya madai ya fidia nayo ipo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na wakili anaweza kuanza na barua ya onyo. Wapo ambao barua hiyo inawatuliza. Ila kama ameshatuma picha hata kwa mtu mmoja, tungeanza na polisi.

Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Kuna mtu amemrubuni akatuma picha, sasa anamtishia. Nimezikuta kwenye simu yake, nimezituma kwenye grupu la familia tushauriane. Tufanyeje? (Mzazi, Kondoa)

Mama, zifute kwenye grupu sasa hivi kwa njia inayofuta kwa wote, kisha mpigie kila mmoja na kumwomba afute kilichojihifadhi kwenye simu yake. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinahusu ponografia ya watoto na hakiangalii kwamba wewe ni mzazi na nia yako ni njema, anayesambaza anasambaza. Adhabu yake ni faini isiyopungua milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka 7. Ndani ya simu ya binti usifute chochote. Izime intaneti, ichaji, uipeleke kama ilivyo Dawati la Jinsia na Watoto. Usizitume kwa WhatsApp hata kwa askari akikuomba, mpe simu.

Namba 116 ni ya huduma kwa mtoto na kupiga ni bure. Piga wewe, au apige yeye. Kwa picha za walio chini ya miaka 18 kuna huduma iitwayo Take It Down, ya kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, inayofanya kazi kwa alama kama ile tuliyoieleza juu.

Na usimchape. Mtu anayemtishia amemwambia "mama yako akijua atakuua". Ukimpiga, umemthibitishia maneno yake, na vitisho vitakavyofuata hutavisikia.

Nilikopa 60,000 kwenye programu ya mikopo ya simu. Nimechelewa siku tatu, wametuma picha yangu yenye maneno "mwizi, anatafutwa" kwa bosi wangu, kwa mama mkwe na hata kwa fundi bomba niliyewahi kumpigia. Wanasema nisipolipa 140,000 leo wanaendelea. Ni halali? (Msomaji, Chang'ombe, Dodoma)

Deni ni jambo moja, kukudhalilisha ni jambo jingine, na la pili si halali hata kama la kwanza ni la kweli. Namba za watu wako wamezipata pale ulipoipakua programu na kubonyeza "ruhusu" kwenye orodha ya namba. Nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, uiondolee ruhusa ya namba, picha na ujumbe mfupi. Hilo halirudishi walichokwisha kuchukua, lakini linafunga mlango kwa namba utakazoongeza. Kabla ya kuiondoa programu yenyewe, piga skrinshoti za jina lake kamili, kiasi ulichokopa, kilichoingia mkononi kweli, tarehe na riba. Ukiiondoa kwanza, mkataba wako unatoweka.

Mkopeshaji anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha kidijitali bila leseni. Angalia orodha ya waliosajiliwa kwenye tovuti ya Benki Kuu. Akiwa hayumo, mlalamikie huko. Akiwemo, mlalamikie vilevile, maana leseni haimpi ruhusa ya kumpigia mama mkwe wako.

Lalamiko la pili lipeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Watu wengi hawajui kwamba bosi wako na fundi bomba nao wanaweza kulalamika kwa majina yao, kwa kuwa namba zao zilichukuliwa bila wao kuulizwa. Waombe wakutumie walichopokea, kila mmoja na skrinshoti inayoonyesha namba ya mtumaji. Malalamiko manne kuhusu programu moja yana uzito kuliko la mtu mmoja. Vitisho vyenyewe ni kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, kwa hiyo polisi nao wanahusika.

Ile 60,000 na riba halali mliyokubaliana, kama mkopeshaji ana leseni, ilipe kupitia njia rasmi ya kampuni na utunze risiti. Usilipe kwenye namba binafsi ya anayekupigia.

Niko kwenye mafunzo kwa vitendo. Msimamizi ana video yangu na anasema bila kulala naye hanipitishi. Hii nayo ni ya polisi? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Ni ya polisi na ya TAKUKURU pia, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa. Mwenye mamlaka anayeyatumia kudai ngono ametenda kosa la rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Piga 113, ni bure. Piga kabla hujakubali wala kukataa miadi yoyote, kwa sababu wanaweza kukupa maelekezo ya namna ya kumjibu. Usimwambie kwamba umeripoti.

Nilienda kituoni nikaambiwa nirudi kesho, kesho nikaambiwa huyo mtu yuko mkoa mwingine nikashtaki huko. Nimekata tamaa. (Msomaji, Manyoni)

Huhitaji kumfuata aliko. Wewe umetishiwa ukiwa Manyoni, malalamiko yako yanapokelewa Manyoni, na jalada likihitajika kwingine polisi wenyewe wanawasiliana.

Rudi ukiwa umejipanga tofauti. Ukisema "kuna mtu ananisumbua WhatsApp" utaonekana mwenye ugomvi wa mapenzi. Sema "Naomba kufungua jalada la vitisho kwa njia ya mtandao, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao", na uweke mezani karatasi moja yenye tarehe, saa, namba iliyotumika, alichosema na alichodai, kwa mpangilio wa siku. Nyuma yake ambatisha skrinshoti zilizochapishwa. Toa nakala mbili, moja ibaki kwako. Usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Kufungua jalada hakulipiwi.

Ikigoma, omba kumwona mkuu wa kituo, kisha mkuu wa upelelezi wa wilaya. Juu yake yuko mkuu wa upelelezi wa mkoa, Singida, na kwake nenda na barua fupi inayotaja tarehe ulizofika na kurudishwa. Lugha iwe ya heshima, bila kumtukana askari aliyekurudisha. Usikae sana, kwa sababu kumbukumbu za kamera kwa wakala na za kampuni za simu hazikai milele. Polisi wana uwezo kisheria wa kuiagiza kampuni ihifadhi data za laini au akaunti wakati uchunguzi unaendelea, ila lazima jalada liwepo kwanza.

Simu yako inaweza kushikiliwa kama kielelezo. Kabla ya kwenda, hamisha namba zako muhimu, na bonyeza *#06# uandike namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Ukiikabidhi, dai hati inayotaja aina ya simu, IMEI hiyo na jina la aliyeipokea. Bonyeza pia *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, isije ikawa na yako imetumika kumtisha mwingine.

Jina la mpelelezi na namba yake ya simu viandike nyuma ya karatasi ya RB. Mtu yule akikutumia ujumbe mpya, mpelekee siku hiyohiyo. Na ukishaanza naye kazi, usiandike chochote mtandaoni kuhusu upelelezi unavyokwenda. Kutoa siri za upelelezi ni kosa chini ya Sheria hiyohiyo ya Makosa ya Mtandao, na anayetafutwa huenda anakusoma.